Bima Kubwa Haivuki Geti la Uwanja wa Mbio

Siku za wikendi kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch, mkoani Kent, kusini mashariki mwa London, foleni ya magari huanza asubuhi na mapema. Machache kati ya magari hayo huja yamepandishwa juu ya trela. Mengi yamekuja kwa matairi yake: Golf GTI, Mazda MX-5, BMW M3, Subaru Impreza ambayo jana yake ilipeleka watoto shule. Wenyewe si wanamichezo wa kulipwa. Ni mafundi umeme, wahasibu, wauguzi na wenye maduka waliolipia siku moja ya kuendesha magari yao kwa uwezo wote, mahali ambapo hakuna lori linalokuja mbele, hakuna mtembea kwa miguu na hakuna kamera ya trafiki.

Siku hizi za wazi kwa madereva wa kawaida ni biashara ya kudumu nchini Uingereza. Silverstone, Donington Park, Oulton Park, Snetterton na Castle Combe zote huwa na ratiba zake. Wala si mbio, na waandaaji hulirudia hilo mpaka lieleweke. Kabla ya injini kuwashwa, madereva hukusanywa na kusomewa masharti. Leseni ionekane, helmeti ivaliwe, mikono ifunikwe. Mizunguko ya kwanza huwa ya polepole ili kila mtu aione njia. Kulipita gari lingine ni kwa ridhaa: aliye mbele akuone, akupishe, ndipo upite, tena kwa upande uliotangazwa. Bendera nyekundu ikitoka, unapunguza mwendo na kurudi eneo la mapumziko. Na kupima muda wa mzunguko ni marufuku. Msomaji alishike sharti hilo la muda, maana lina uzito mkubwa kwenye mambo ya bima.

Baada ya masharti huja karatasi ya kutia saini. Wengi huisaini wakiwa wamesimama, helmeti imebanwa kwapani, macho yako kwenye lami. Laiti wangesoma karatasi mbili, hiyo na mkataba wa bima ulioachwa kabatini nyumbani, baadhi yao wangegeuza gari.

Dereva aliyeingia akiwa na bima kubwa, ile inayolipa gari lake pamoja na la mwenzake, karibu kila mara huwa ameiacha nje ya geti. Sheria ya Usalama Barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988 humlazimisha kila mwenye gari awe na bima ya kuwafidia watu wengine anapoendesha barabarani au mahali pengine pa umma. Uwanja wa mbio uliofungwa ni mali binafsi, kwa hiyo lazima hiyo haifiki huko. Na pale sheria isipoilazimisha, kampuni ya bima huchagua yenyewe italipia nini. Zamani mikataba mingi ilitaja mbio, mashindano na majaribio ya mwendo tu, na mwenye gari aliyekuwa na wakili mzuri angeweza kubisha kwamba siku ya wazi si mojawapo ya hayo. Kampuni nyingi zimeshaziba mwanya huo. Sasa zinaandika bila kuzunguka kwamba hazilipi hasara yoyote iliyotokea kwenye uwanja wa mbio, watu wawe wanashindana au hawashindani.

Matokeo yake ni mazito. Ukigonga ukuta, gari ni lako na hasara ni yako. Mwenzako akiteleza akakugonga ubavuni, desturi ya viwanja vya Uingereza ni kwamba kila mmoja anabeba mzigo wa gari lake, hata kama kosa liko wazi kwa kila aliyeona. Na gari likiwa limenunuliwa kwa mkopo, benki haina habari na kona uliyoikosa. Marejesho yanaendelea kila mwezi kwa gari ambalo halipo tena.

Wapo wanaodhani ajali za uwanjani ni za wabishi na wajuaji tu. Mimi naona adui mkubwa zaidi wa dereva mstaarabu ni joto. Kona ya kwanza ya Brands Hatch, Paddock Hill, inapinda kulia huku ardhi ikiporomoka chini ya gari. Dereva hutoka kwenye mnyoofu mkuu kwa kasi na kulazimika kushika breki karibu na ukingo wa mteremko, wakati hata mwisho wa kona hajauona vizuri. Mafuta ya breki ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hutakiwa kuhimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu. Yakishakaa kwenye gari miaka kadhaa bila kubadilishwa, yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 155 hivi. Safari ya kazini na kurudi haiyafikishi huko, ila robo saa ya uwanjani inaweza. Yakichemka hutoa mapovu ndani ya mabomba, na mapovu hubonyea. Dereva anakanyaga pedeli iliyokuwa ngumu mzunguko uliopita, nayo inazama mpaka sakafuni huku gari likizidi kuteremka. Mbele kuna changarawe, kisha matairi yaliyofungwa pamoja, kisha chuma.

Dawa ya ajali hiyo ni chupa ya mafuta mapya ya breki na nusu saa ya fundi. Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu hata aliyekata bima maalumu ya siku hiyo atalipwa bampa, rejeta na boneti vilivyogonga kizuizi, lakini breki zenyewe hatalipwa. Injini iliyokatika kwa kukosa oili kwenye kona ndefu haitalipwa pia, wala klachi iliyoungua, wala matairi yaliyokwisha. Uchakavu na ubovu wa mitambo si jambo la bima, barabarani wala uwanjani.

Bima hiyo maalumu ipo, na haina siri. Madalali kadhaa nchini Uingereza na Marekani huiuza kwa siku. Mteja hutaja gari, uwanja, tarehe, uzoefu wake na kila kilichobadilishwa kwenye gari, kisha pande mbili hukubaliana mapema thamani yake. Ada hutegemea mambo hayo yote. Kinachowashangaza wengi ni ukubwa wa sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hujilipia mwenyewe. Asilimia 10 ya thamani ni kiwango cha kawaida. Gari la pauni 20,000 maana yake pauni 2,000 za kwanza zinatoka mfukoni mwako. Ukikwaruza mlango na kuvunja taa kwa hasara ya pauni 1,800, hupati hata senti moja.

Wapo wanaoliita hilo wizi. Siwaungi mkono. Bima ya siku ya uwanja haikutengenezwa kwa ajili ya mikwaruzo. Imetengenezwa kwa siku ile gari linapopinduka na familia kubaki na deni la miaka minne. Kwa kazi hiyo inafaa, na aliyenunua gari kwa mkopo asiingie uwanjani bila kuwa nayo.

Lakini mipaka yake ni mikali. Kwa kawaida hulipa gari lako tu: si gari la mwenzako, si mguu wako uliovunjika, si abiria wako. Kama rafiki yako ataendesha mizunguko miwili, jina lake liwe kwenye mkataba kabla hajakaa kwenye usukani. Sharti la kutopima muda nalo linaingia hapa. Siku ya wazi ikianza kuhesabiwa kwa sekunde inaelekea kuwa mashindano, na mashindano yana bima nyingine kabisa, yenye bei nyingine. Dereva aliyewasha kifaa cha kupima mizunguko anaipa kampuni sababu ya kukataa madai, na ushahidi amerekodi yeye mwenyewe.

Mahali penye utata kuliko pote ni Ujerumani, kwenye milima ya Eifel. Nürburgring Nordschleife ilifunguliwa mwaka 1927 na ina urefu wa kilomita 20.8. Bingwa wa dunia Jackie Stewart aliipa jina la Jehanamu ya Kijani, na mwaka 1976 Niki Lauda nusura afie humo gari lake lilipowaka moto. Hata hivyo siku nyingi za msimu mtu yeyote mwenye leseni na gari linaloruhusiwa barabarani anaweza kununua tiketi na kuingia. Katika saa hizo za watalii, sheria za barabarani za Ujerumani hutumika: unakaa kulia, unapita kushoto, mbio haziruhusiwi. Ndiyo maana wageni wengi hujiambia kwamba kama ni barabara, basi bima yao ya barabarani inafanya kazi.

Nusu ya hoja hiyo ina ukweli. Bima ya lazima, ile ya kuwafidia wengine, kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwa magari ya Ujerumani kwenye saa za watalii. Bima ya gari lako mwenyewe ni habari nyingine. Kampuni nyingi za Ujerumani zimeandika kwamba hazilipii uendeshaji wowote kwenye viwanja vya mbio, hata usio wa kushindania kasi, isipokuwa mafunzo ya usalama wa udereva. Dereva anayegonga pale hukabidhiwa hesabu ambayo wengi hawakuiwazia: vizuizi vya chuma vilivyopinda, gari la kuvuta, wahudumu waliokuja kusimamia eneo. Aliyevujisha oili au maji ya rejeta na kuendelea kuendesha anaweza kudaiwa pia magari ya waliomfuata wakateleza juu ya umajimaji huo. Ukiona taa ya hatari kwenye dashibodi pale, jisogeze kando, utoke kwenye gari na usimame nyuma ya kizuizi. Usijaribu kulifikisha gari getini.

Gari la kukodi ni mtego mwingine. Makampuni ya kawaida ya kukodisha, yale ya viwanja vya ndege, huzuia magari yao kupelekwa kwenye viwanja vya mbio, na mteja akikiuka hujibebea gari zima. Kijijini Nürburg wapo wanaokodisha magari yaliyoandaliwa kwa kazi hiyo, yenye mkataba unaotaja wazi utalipa kiasi gani likiharibika. Ni ghali zaidi, lakini unajua mapema ni ghali kiasi gani. Ndugu zetu wanaofanya kazi Ghuba wana jaribu hilohilo karibu nao, kwa kuwa Dubai Autodrome na Yas Marina ya Abu Dhabi nazo hufungulia milango madereva wa kawaida. Gari la kukodi libaki kwenye maegesho.

Linaloniumiza zaidi katika suala hili zima ni abiria. Gari hununuliwa jingine. Dereva amechagua mwenyewe hatari yake, lakini aliyekaa kiti cha pembeni mara nyingi amekuja kwa sababu ya urafiki tu, na ndiye asiyefikiriwa kwenye karatasi yoyote.

Juni 2005, kwenye uwanja wa California Speedway huko Fontana, Marekani, klabu ya wenye magari ya Ferrari iliandaa siku ya wanachama na wageni wao. Porsche Carrera GT ilikuwa ikishuka kwenye mnyoofu kwa kasi wakati Ferrari moja ilipoingia uwanjani kutoka eneo la mapumziko. Dereva wa Porsche alijaribu kulikwepa, gari likamponyoka na kugonga ukuta wa zege. Yeye na abiria wake walifariki wote wawili. Abiria alikuwa ametia saini karatasi ya kuachilia madai, kama wanavyotia wote. Mjane wake alifungua kesi dhidi ya mirathi ya dereva, klabu, uwanja na Porsche yenyewe. Mwaka 2007 kesi ilimalizwa kwa maelewano ya takriban dola milioni 4.5, na sehemu kubwa kuliko zote, karibu nusu, ilitoka upande wa mirathi ya dereva.

Kwa hiyo karatasi ile haikuwakinga walioiandaa, na dereva haikumkinga pia. Nchini Uingereza sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inamkataza mfanyabiashara kujivua kwa maandishi wajibu wa kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake. Saini yako, basi, haiwaruhusu waandaaji wafanye wapendavyo. Lakini anayekaa kwenye usukani na kumbeba rafiki yake ajiulize kabla ya kumfunga mkanda: likitokea la kutokea, watoto wa rafiki huyu watalipwa na nani? Kama jibu ni nyumba yako, mshushe. Na bima ya maisha isomwe pia, kwa sababu baadhi ya mikataba hiyo huondoa vifo vinavyotokana na michezo ya magari.

Upo wakati ambapo mchezo huu ulitikiswa na ngazi ya ghalani. Agosti 2007 mtu mmoja wa Slovenia alikuwa amepanda ngazi wakati wa kupanga marobota ya nyasi kavu, trekta ikarudi nyuma na trela lake, likagonga ngazi, akaanguka. Aliidai kampuni ya bima ya trekta fidia ya takriban euro 16,000. Kampuni ilisema bima ya gari ni ya barabarani, na ua wa shamba si barabara. Kesi hiyo, inayojulikana kwa jina la Vnuk, ilifika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na tarehe 4 Septemba 2014 majaji waliamua kwamba bima ya lazima inagusa kila matumizi ya chombo yanayolingana na kazi yake ya kawaida, hata kwenye eneo binafsi.

Kwa mtu aliyeanguka ilikuwa haki. Kwa viwanja vya mbio ilikuwa hatari kubwa, kwani kuzunguka uwanjani ni matumizi ya kawaida ya gari la mbio. Kila gari lililoingia lingehitaji bima ya kuwafidia wengine wote waliomo, kwa bei ambayo kampuni zilikuwa hazitaki hata kuitaja. Serikali ya Uingereza ilikadiria mzigo wa pauni milioni 458 kwa michezo ya magari peke yake. Baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuufuta uamuzi huo nchini humo, na ilianza kutumika Juni 2022. Umoja wa Ulaya wenyewe ulirekebisha kanuni zake mwaka 2021: michezo ya magari kwenye eneo lililotengwa inaweza kuachwa nje ya bima ya lazima, mradi mwandaaji awe na bima au dhamana nyingine ya kuwafidia watazamaji na wapita njia. Madereva wanaoshiriki na magari yao si lazima waingizwe humo.

Naiona kanuni hiyo ya Ulaya kuwa na busara. Mtazamaji hakuchagua hatari, kwa hiyo analindwa kwa sheria. Dereva ameichagua, kwa hiyo anaachiwa ajilinde. Uamuzi ukishakuwa wake, haki anayoidai ni moja tu: aambiwe wazi, na auziwe kinga kama anaitaka.

Huku kwetu haki hiyo haijafika. Chukua cheti cha bima cha gari, Kenya au Tanzania, ugeuze macho kwenye maandishi madogo yanayoeleza matumizi. Mara nyingi utakuta gari halilipiwi likitumika kwa mbio, kuongoza mwendo, majaribio ya uimara au kupima kasi. Ni maneno yaliyorithiwa kutoka mikataba ya Waingereza, yakabaki yalivyo. Sheria zetu nazo, Sura ya 405 ya Kenya na Sura ya 169 ya Tanzania, zinalazimisha bima kwa gari linalotumika barabarani. Rali kubwa zina utaratibu wake wa bima chini ya mashirikisho, na Safari Rally iliyoanza mwaka 1953 na kurudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021 imejenga uzoefu wa kutosha. Anayebaki bila kitu ni kijana mwenye Subaru au Golf yake anayealikwa na klabu kwenda kushindana na saa kwenye lami iliyofungwa. Yeye yuko ndani kabisa ya yale maneno manne, na hakuna wa kumuuzia bima ya siku moja kwa urahisi.

Kijana huyo tusimlaumu kwa kupenda kasi. Akinyimwa pa kuipeleka, ataipeleka usiku kwenye barabara kuu yenye mabasi, bodaboda na watu wanaovuka. Lami iliyofungwa, yenye wahudumu, bendera na gari la wagonjwa, ni mahali bora mara nyingi zaidi, kwake na kwetu sote.

Kwa hiyo kabla hujalipia siku yoyote ya uwanja, hapa au ng'ambo, iandikie kampuni yako ya bima uwaulize kwa jina la uwanja na tarehe: gari langu likiharibika humo mtalipa? Nikimjeruhi mtu mtalipa? Jibu la simu halitoshi. Taka la maandishi. Wakikataa, muulize mwandaaji ana bima gani na inamlinda nani, na abiria abaki jukwaani. Nanyi wenye makampuni ya bima, pamoja na wasimamizi wenu, IRA kule Nairobi na TIRA hapa Tanzania: tengenezeni bima ya siku moja, iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, itaje wazi kiasi ambacho mwenye gari atajilipia. Wateja mnao tayari, na magari yao mmeyaandikisha wenyewe.